Dawa ya Deni ni Kulipa, na Kulipa Kwataka Mpango



Siku ya mshahara, ukisimama penye lango la karakana wakati wa kutoka kazini, utaona jambo la kusikitisha. Wako wenzetu ambao hawatoki. Wanabaki ndani wakijifanya kutafuta hiki na kile mpaka giza liingie, kwa maana nje wanangojewa. Anayewangoja ni mtu wa kukopesha kwa riba, tunayemwita shailoki, au mwenye duka, au mwenzao wa kazi aliyewadhamini na sasa anakatwa mshahara kwa ajili yao. Na wale wasiongojewa langoni wanangojewa mfukoni: fedha zikiingia katika simu, mkopo wa simu unazimeza kabla mwenyewe hajaziona.

Katika toleo hili hatuandiki juu ya nyongeza ya mshahara. Habari hiyo hatujaisahau, na hatutaiacha. Lakini twataka kusema juu ya mshahara ule tulio nao, ambao kwa wengi wetu umekwisha kuliwa kabla haujalipwa.

Kwanza tuseme kweli. Si kila mwenye deni ni mlevi au mpumbavu. Wengi wetu tulikopa kwa sababu mtoto alirudishwa nyumbani kwa karo, au mama alilazwa hospitali, au kulikuwa na maiti ya kusafirisha kwenda nyumbani. Mshahara ukiwa mdogo na unga ukipanda bei, deni huingia nyumbani bila kubisha hodi. Kwa hiyo hatuandiki ili kumwaibisha mtu. Twaandika kwa sababu deni lisilo na mpango linatuvunja, tena linakivunja chama chetu.

Mwaweza kuuliza, deni la mtu nyumbani kwake lahusu nini chama? Lahusu sana. Mtu aliyeomba msimamizi wake mshahara wa mbele mara tatu kwa miezi mitatu hawezi kusimama mbele ya msimamizi huyo na kumwambia ya kwamba saa za ziada hazijalipwa. Tumewaona wajumbe wazuri, wenye maneno ya nguvu, wakinyamaza mkutanoni. Hawakukosa hoja. Walikuwa na deni. Wazee wetu wa bandari na wa reli waliogoma Mombasa mwezi wa Januari 1947 walikaa zaidi ya siku kumi bila kazi. Tujiulize sisi kwa sisi: leo ni wangapi kati yetu wanaoweza kukaa hata wiki moja mshahara ukichelewa? Mwenye deni lisilo na mpango ana mabwana wawili, na wa pili ni mkali kuliko wa kwanza.

Sasa tutazame jinsi deni linavyofanya kazi. Tuchukue mfano wa mwenzetu mmoja wa genge la njia. Jina hatulitaji. Mshahara unaofika mkononi mwake, baada ya kodi na makato yote pamoja na mkopo wa Sacco, ni shilingi 27,000. Nje ya Sacco ana madeni matano: shailoki 10,000, mkopo wa simu 4,000, karo 12,000, duka 4,500, na mwenzake wa kazi 3,500. Jumla ni shilingi 34,000.

Shailoki anataka shilingi 20 kwa kila 100 kila mwezi. Basi ndugu huyu alikuwa akimpa shilingi 2,000 kila mwisho wa mwezi, naye akidhani analipa deni. Halipi deni. Analipa riba tu. Akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa ametoa shilingi 24,000, na bado atadaiwa zile zile 10,000 alizokopa. Huko ni kama kutia maji katika pipa lililotoboka. Na ili apate hizo 2,000 alikuwa akikopa katika simu, na ili alipe simu akaenda kukopa dukani. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Njia ya kutoka iko, wala haihitaji elimu kubwa. Yahitaji kalamu, daftari na moyo wa kusema kweli.

Jambo la kwanza ni kuandika. Mali bila daftari huisha bila habari, na deni ni vivyo hivyo. Andika kila deni, hata lile la shilingi 200 la mama wa chai. Andika ni la nani, ni kiasi gani, lazaa riba gani, na siku ya kulipa. Wengi huogopa kuandika kwa sababu huogopa kuona jumla. Lakini jumla ipo, uione usiione.

Jambo la pili ni kumwambia mwenzako wa nyumbani. Mume anayeficha karatasi ya mshahara, au mke anayeficha deni la chama cha akina mama, huyo ajenga nyumba juu ya mchanga. Ndugu yetu wa genge alipomwonyesha mkewe daftari, mke hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akatoa kalamu masikioni mwa mtoto, nao wakaandika pamoja matumizi yasiyoepukika: nyumba 6,500, chakula na makaa 8,500, nauli 2,000, maji na stima 1,200, mama mzazi 1,500, mengineyo 800. Jumla 20,500. Zikabaki shilingi 6,500 za kulipa madeni. Nyama ilipungua, na soda za Jumapili zikakoma. Lakini kwa mara ya kwanza walijua wamesimama wapi.

Jambo la tatu ni kupanga madeni kwa ukali wake. Lenye riba kubwa ndilo la kuuawa kwanza. Lisilo na riba laweza kungoja, mradi mwenyewe ameambiwa. Basi walipanga hivi: shailoki 4,000 kila mwezi, mkopo wa simu 1,000, karo 1,000, duka 500. Mwenzake wa kazi aliombwa angoje miezi minne, naye akakubali.

Tazameni hesabu ya shailoki. Mwezi wa kwanza deni ni 10,000, riba 2,000, akilipa 4,000 zabaki 8,000. Mwezi wa pili riba ni 1,600, zabaki 5,600. Mwezi wa tatu riba ni 1,120, zabaki 2,720. Mwezi wa nne riba ni 544, naye analipa 3,264 na kumaliza. Katika miezi minne ametoa shilingi 15,264. Ni fedha nyingi, na riba yake inauma, lakini deni limekufa. Zile 736 zilizosalia mwezi huo alizipeleka kumaliza ada za mkopo wa simu. Tangu mwezi wa tano, zile 6,500 zote zikawa za mwenzake, mwenye duka na shule. Mwezi wa saba alilipa shilingi 1,000 ya mwisho ya karo, na 5,500 zikabaki. Hakwenda nazo baa. Alizipeleka Sacco.

Jambo la nne ni kumwendea mwenye kudai kabla yeye hajakuja kwako. Mtu hukasirika zaidi kwa kukimbiwa kuliko kwa kucheleweshewa. Nenda kwa mwalimu mkuu, nenda kwa mwenye duka, sema: “Sina zote, lakini nitaleta kiasi hiki kila mwezi tarehe hii.” Kisha timiza. Mapatano yaandikwe, na kila ukilipa upate risiti au ujumbe wa simu, uutunze. Usiahidi 3,000 ukijua ya kwamba utaweza 1,000. Injini ikipewa mabehewa kupita nguvu yake, haifiki juu ya mlima. Husimama njiani na kuzuia treni zote nyuma yake.

Jambo la tano, usikope kulipa mkopo, ila kwa namna moja: kama mkopo mpya una riba ndogo sana kuliko wa zamani, na mlango wa zamani waufunga kabisa. Sacco nyingi hutoza shilingi 1 kwa kila 100 kwa mwezi, juu ya deni linalobaki. Kwa shilingi 10,000, riba ya mwezi wa kwanza ni 100, na ya shailoki ni 2,000. Ndugu yetu wa genge hakuweza kutumia njia hii, kwa kuwa mkopo wake wa Sacco ulikuwa haujaisha na wadhamini hakupata. Lakini wewe ukiweza, itumie. Ila ukichukua fedha za Sacco ukamlipa shailoki Ijumaa, kisha ukarudi kwake Jumatatu, umejifunga kamba mbili badala ya moja.

Sasa neno juu ya sheria, kwa maana wengi hawaijui.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema ya kwamba makato yote ya mwajiri kwa wakati mmoja yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Maana yake, thuluthi moja lazima ikufikie. Kama mshahara ni shilingi 36,000, zisipungue 12,000 mkononi. Chukua karatasi yako ya mshahara, piga hesabu. Ukiona imepita mpaka, usinung'unike peke yako. Ilete kwa mjumbe wako wa chama.

Mikopo ya simu nayo ina sheria. M-Shwari ilianza mwaka 2012, na baada yake wakopeshaji wa simu wakaota kama uyoga. Kwa miaka mingi wengine walikuwa wakiwapigia mama zetu na wakubwa wetu wa kazi ili kutuaibisha. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilikataza jambo hilo: mkopeshaji haruhusiwi kutisha, kutukana, wala kuchukua namba za watu katika simu yako ili kuwapelekea habari za deni lako. Tena ni lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Akivunja kanuni, deni lako halifutiki, lakini una haki ya kumshitaki kwa Benki Kuu. Na kama umeandikwa CRB, ukimaliza kulipa hakikisha ya kwamba habari zako zimesahihishwa. Kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake mara moja kwa mwaka bila malipo.

Kwa yule ambaye madeni yamempita kimo kabisa, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina njia ya kulipa kidogo kidogo kwa amri ya afisa wa serikali aitwaye Mpokeaji Rasmi. Hiyo si aibu. Ni mlango uliowekwa na sheria, na afadhali kuupita kuliko kutoroka kazi.

Na kadi ya benki, ndugu zetu, usimpe mtu. Shailoki akikwambia umwachie kadi na namba yake ya siri, jua ya kwamba hakukopeshi fedha. Ananunua mshahara wako. Mtu aliyemwachia kadi yake huenda kupiga magoti kila mwisho wa mwezi kuomba sehemu ya jasho lake mwenyewe.

Twamaliza kwa neno juu ya wadhamini. Unapoacha kulipa Sacco, anayekatwa si Sacco. Ni yule uliyekaa naye zamu ya usiku, aliyekuwekea sahihi kwa kukuamini. Watoto wake ndio wanaokosa maziwa kwa deni lako. Tumeona watu wawili waliofanya kazi pamoja miaka mingi sasa hawasalimiani, kisa sahihi moja. Chama hakiwezi kujengwa na watu wanaokimbiana. Ukishindwa kulipa, mwendee mdhamini wako leo, mweleze, mfanye mpango pamoja.

Basi kila mmoja wetu anayesoma haya na afanye jambo moja jioni ya leo. Akae mezani na watu wake, aandike madeni yake yote, ajumlishe, apige mstari chini ya jumla. Kesho amwendee yule mwenye riba kali kuliko wote, na akiogopa kwenda peke yake amchukue mjumbe wa chama. Mwezi ujao apunguze kidogo, na mwezi wa pili vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

Siku moja tutatoka langoni siku ya mshahara, mchana kweupe, wala hatutatazama nyuma. Na tukiitwa kukaa na mwajiri mezani, tutakwenda kama watu ambao hakuna aliyeshika kadi zao.

Umoja ni nguvu.