Boneti Inang'aa, Chasisi Inaliwa

Imani imeenea miongoni mwa wenye magari kwamba gari likishatoka bandarini Dar es Salaam, jambo la kwanza ni kulivisha. Likiwa linakwenda kuishi pwani ya kusini, ndiyo kabisa. Jua la Kilwa, chumvi ya Lindi, kokoto za barabara kuu: yote hayo, inasemekana, dawa yake ni filamu ya kulinda rangi, ile ambayo wauzaji huiita kwa kifupi PPF. Fundi anaibandika kwenye boneti, bampa, milango, wakati mwingine mpaka paa. Mwenye gari anatoa mamilioni, anashika njia ya Kibiti, anavuka Rufiji, na moyoni anajua kwamba na pwani wameshamalizana.

Hawajamalizana. Pwani bado haijaanza naye.

Filamu yenyewe isionewe, kwa kuwa si kiini macho. Ni plastiki ang'avu ya poliyurethani yenye unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia tabaka la chini kabisa mpaka vanishi ya juu, kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 150. Maana yake ni kwamba filamu ni nene kuliko kile inachokilinda. Asili yake ni jeshi la Marekani: wakati wa vita vya Vietnam, mapanga ya helikopta yalikuwa yakiliwa na mchanga na vumbi, ikatafutwa plastiki ngumu ya kuyafunika. Baadaye ikahamia kwenye magari ya mashindano, kisha kwenye magari ya watu wa kawaida. Zile zilizo bora, mikwaruzo yake midogo hujifuta yenyewe ikipata joto. Kokoto ikirushwa na tairi la lori, pigo linaishia kwenye plastiki. Kinyesi cha kunguru, ambacho kikikaukia juani huacha doa kwenye vanishi, hufutika bila kuacha alama.

Na kokoto kusini zipo, hakuna ubishi. Malori ya jasi yanatoka Makangaga, ya korosho na ufuta yanajaa barabarani msimu ukifika, na ya makaa ya mawe yanateremka kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara. Anayekwenda Liwale kutoka Nangurukuru anajua changarawe zinavyogonga bodi. Mtu ambaye kazi yake ni kufukuzana na malori hayo kila wiki ana sababu ya kufikiria filamu kwenye pua ya gari.

Tatizo ni kwamba imani yenyewe haiishii kwenye kokoto. Inadai kwamba filamu hulinda gari dhidi ya pwani. Hapo ndipo inapopotoka, kwa sababu chumvi haiingilii kwenye boneti.

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, oksijeni na maji. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji hayo, huyafanya yapitishe umeme vizuri zaidi, na chuma huliwa haraka. Tena chumvi haingoji mvua. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukizidi asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, ambayo ina magnesiamu ndani yake, huanza mapema zaidi. Usiku wa pwani hufika kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hiyo gari lililoegeshwa Kilwa Masoko likiwa kavu saa kumi jioni linaweza kuamka limelowa alfajiri bila tone la mvua, na palipolowa zaidi ni pale ambapo vumbi la chumvi limejificha: ndani ya madigadi, kwenye maungio ya bati, kwenye kingo za chini ya milango, juu ya chasisi, kwenye springi na kwenye mabomba ya breki.

Katika sehemu hizo zote, hakuna hata moja inayobandikwa filamu.

Boneti, kwa upande mwingine, ndiyo sehemu inayopata nafuu kuliko zote. Kiwandani bodi huzamishwa kwenye rangi ya kuzuia kutu kabla ya matabaka mengine. Boneti iko wazi, inapata upepo, inakauka upesi, inafutwa kila asubuhi na kijana mwenye kitambaa. Ndiyo inayopendwa, ndiyo inayopigwa picha, na sasa ndiyo inayonunuliwa plastiki ya bei mbaya. Chini hakufutwi na mtu.

Anayetaka ushahidi aende mahali samaki wanaposhushwa, aiangalie kirikuu moja iliyobeba masanduku ya barafu. Barafu inayeyuka, maji yanachanganyika na chumvi na damu ya samaki, yanatiririka kwenye sakafu ya bodi, yanatafuta kona, yanapenya kwenye tundu la bolti na kudondokea kwenye chasisi. Gari likifika linakokwenda, masanduku yanashushwa, bodi inamwagiwa ndoo mbili za maji kwa juu, basi. Baada ya misimu michache, ukipitisha bisibisi kwenye ukingo wa chini ya mlango, rangi inabonyea kama ganda la yai, na nyuma yake hakuna bati, kuna unga mwekundu. Kwa nje rangi ilikuwa bado nzima. Kilwa Masoko imepata mradi wa bandari ya uvuvi, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Samaki wakiongezeka gatini, maji ya namna hiyo nayo yataongezeka kwenye magari. Mashamba ya chumvi ya mkoa wa Lindi nayo yana magari yake ya kubeba magunia, na hali yake ni hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya vigari vya mizigo, si ya Prado wala Harrier. Hao waiulize Toyota yenyewe. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilikubali kumaliza kesi nchini Marekani kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, kuhusu magari yapatayo milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Malalamiko hayakuhusu rangi. Fremu zilikuwa zimeota kutu mpaka zinatoboka, hasa katika majimbo ambayo barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na wenye magari walidai hazikupewa kinga ya kutosha. Yalikuwa magari ya kampuni ambayo Tanzania nzima inaiapia, mengi yakiwa bado yanapendeza machoni. Kama chumvi ya miezi michache ya baridi ilifanya hivyo, ya Lindi haiendi likizo.

Mabaharia wa pwani hii hawakuhitaji kesi ili waelewe. Chombo cha mbao kikipwelewa wakati wa bamvua, kiliegemezwa ubavu, kikasuguliwa makombe, kisha sehemu inayozama ikapakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Mbao za juu zikapata sifa, mafuta ya papa. Kazi hiyo ilirudiwa tena na tena kwa maisha yote ya chombo, kwa sababu hakuna aliyedhani kupaka mara moja kunatosha. Urembo wa omo na tezi ulikuja baada ya hapo. Mwenye gari wa leo anafanya kinyume: anapamba omo kwa mamilioni na kuuacha mkuku uoze.

Halafu kuna suala la hilo gari linaloitwa jipya. Magari mengi yanayoingia Tanzania ni mapya kwa namba ya usajili tu. Yametumika Japan miaka kadhaa kabla ya kupanda meli. Mengine yametoka Hokkaido na mikoa mingine ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Karatasi ya mnada ya Japan huwa na mchoro wa gari wenye herufi ndogondogo: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa au kupigwa rangi, S ni kutu, na C ni kutu iliyokomaa. Wanunuzi wengi hukimbilia alama ya jumla na idadi ya kilomita, herufi S na C zikapita bila kusomwa. Gari la namna hiyo likishavishwa filamu, kutu inaendelea na kazi yake kimya kimya chini, huku juu pakipigiwa makofi.

Hata hiyo herufi W ina kisa chake. Filamu inashikwa na gundi, na gundi nzuri hushika kwelikweli. Juu ya rangi ya kiwandani haina neno. Juu ya rangi iliyopigwa upya bila maandalizi, siku filamu inapobanduliwa inaweza kuondoka na rangi yenyewe. Na itabanduliwa tu, maana dhamana za filamu kwa kawaida hutajwa kwa miaka mitano hadi kumi, na hulipia kugeuka manjano, kupasuka na kubanduka. Kutu haimo. Kona ikianza kufumuka mchanga ukaingia, mwenye gari wa Kilwa Masoko ana safari ya kilomita 300 hivi kumfuata aliyeibandika Dar.

Utetezi wa mwisho wa imani hii ni bei ya kuuza. Ni kweli mnunuzi wa Kitanzania anaitukuza rangi ya kampuni. Gari ambalo halijawahi kupigwa rangi hutangazwa hivyo kwa fahari, na filamu huitunza rangi hiyo. Lakini hesabu haikubali. Nchini Marekani kulivisha gari zima huanzia dola 5,000 hivi, yaani zaidi ya shilingi milioni 12, fedha inayokaribia kununua Toyota IST iliyotumika. Hata anayelipa robo yake angeweza kuipaka rangi boneti mara nyingi kwa fundi mzuri wa bodi. Na mnunuzi anayejua huja na fundi wake, fundi analala chini. Akikuta chasisi imeanza kumenyeka, mng'aro wa juu hauokoi hata laki moja.

Tena afadhali bei ishuke. Mabomba ya breki ya magari mengi ni ya chuma na yanapita chini, yakipigwa na kila kinachorushwa na tairi. Bomba likiliwa likapasuka, linapasuka pale dereva anapokanyaga kwa nguvu, yaani pale anapoihitaji breki kuliko wakati wowote.

Dawa za mitaani nazo zisipewe nafasi bila kuulizwa. Oili chafu inayopakwa chini ya magari huzuia maji kweli, lakini hukusanya vumbi, huharibu mipira ya bushi na hudondokea ardhini, na pwani ardhi na kisima viko jirani. Rangi nyeusi ya lami ni mbaya zaidi ikipakwa juu ya kutu iliyoanza au tope lisilotolewa: inaufungia unyevu ndani, na mwenye gari anaona weusi mzuri huku bati linaisha. Chini hupakwa pakiwa pamesuguliwa, pameoshwa na pamekauka.

Kwa hiyo anayeleta gari Kilwa, Mchinga au Lindi mjini, fedha yake ina mpangilio mwingine. Kwanza karatasi ya mnada isomwe herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Gari likifika, kabla ya kuonja upepo wa bahari, lipandishwe juu, lisafishwe chini, lipuliziwe dawa ya nta ya kuzuia kutu kwenye chasisi na ndani ya kingo za milango, na kazi hiyo irudiwe kila mwaka. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe kwa waya mwembamba, kwani mchanga wa pwani huviziba na maji hulala humo. Gari lililopita kwenye maji ya mafuriko lioshwe chini siku hiyo hiyo. Wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara kuu ilipokatika Somanga na magari kukwama siku kadhaa, mengi yalikutana na matope ya namna hiyo. Na maji ya kuoshea yaonjwe kwanza, kwani visima vingi vya pwani vina magadi na chumvi, na kuoshea maji hayo ni kulipaka gari kile kile kinachokimbiwa. Jua la paa linatatuliwa na banda la makuti.

Hayo yote yakifanyika, bado hayatafikia gharama ya kuvisha gari zima. Kikibaki kitu mfukoni, na kama njia ya malori ndiyo riziki ya mwenye gari, kipande cha filamu kwenye taa za mbele na ukingo wa boneti kinatosha.