Namba isiyozaliwa

Chukueni namba hii: 2147483647. Ni 2 kipeo cha 31, kutoa 1. Haigawanyiki kwa namba nzima yoyote ila 1 na yenyewe. Shuleni tulifundishwa kusema «nombre premier». Vitabu vya Kiswahili vya Tanzania vinasema «namba tasa». Sisi tunaotaka hesabu ifundishwe kwa Kiswahili hapa Kongo tunaliazima neno hilo bila kuuliza. Mimi nauliza, maana naona linasema kinyume cha ukweli.

Tasa ni asiyezaa. Lakini jibu la kuzidisha tunaliita zao, na zao limetoka katika kuzaa. 15 ni zao la 3 na 5. Sasa 3 na 5 ni tasa kwa namna gani, nazo zimezaa mbele ya macho yetu? Zisichoweza ni kuzaliwa: hakuna namba mbili ndogo zinazozidishwa zikatoa 5. Namba nyingine zote kuanzia 4 zinatokana na hizi, kila moja kwa njia moja tu. Mwanafunzi wa mofolojia ataelewa upesi. Tunavyokata a-na-som-a, ndivyo 12 inavyokatwa kuwa 2, 2 na 3. (Ukivuruga mpangilio wa mofimu, neno linakufa, 12 haijali.)

Mwaka 1772 Leonhard Euler, akiwa karibu kipofu, alimwandikia Bernoulli kwamba 2147483647 haina kigawo. Hakujaribu namba zote hadi 46340, kikomo cha utafutaji. Alionyesha kwamba kigawo tasa cha namba hii, kama kingekuwapo, kingebakisha 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Majaribio hayazidi 372. Na «tasa» hii ina mtoto: Euclid alishaonyesha kwamba ukiizidisha namba ya aina hii kwa 2 kipeo cha 30, unapata namba kamilifu, inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Hapa ni 2305843008139952128. Labda aliyeunda istilahi alimkumbuka Sara wa Biblia, aliyeitwa tasa akamzaa Isaka.

Mtaniambia neno limeshaenea, na kwamba «premier» nayo inapotosha, kwa kuwa mtoto atadhani 1 ndiyo ya kwanza, wakati 1 haimo kabisa. Kweli. Lakini kwetu vitabu vya hesabu vya Kiswahili vya ngazi hiyo bado havijajaa madarasani, kwa hiyo tuna nafasi ambayo wenzetu hawana tena. Na sipendi binti wa miaka kumi na mbili ajifunze hesabu kwa neno ambalo mtaani hutupiwa mama asiye na mtoto.

Napendekeza «namba shina». Walimu wetu wa isimu watalalamika kwamba shina lina kazi nyingine kwao. Nangoja walete lililo bora, ila waje pamoja na mtu wa hesabu.