Uno, dos, tres, na makofi ya nani?

Wasee wa Kisumu, tuongee. Siku hizi mzazi wa Milimani akitaka kuringa, anamwita mtoto wa miaka saba sebuleni: "Hebu salimia wageni kwa Kihispania." Mtoto anasema hola, anahesabu uno, dos, tres, wageni wanapiga makofi. Poa sana. Mimi sina noma na Kihispania. Noma yangu ni hayo makofi.

Panda tuktuk dakika chache tu ufike Nyalenda. Mtoto wa Gredi ya 4 huko anapiga stori na dani yake kwa Dholuo, ananunua sukari dukani kwa Kiswahili, anaandika mtihani kwa Kizungu. Lugha tatu, omera! Na hakuna mtu amewahi kumwita sebuleni aonyeshe.

Sasa sikiza. Huyo mtoto tayari ana msingi wa kushika Kihispania vizuri. Irabu zao ni tano, a, e, i, o, u, karibu sawa na zetu. Ile ñ yao ni ny ya nyumba. Ile d ya "nada" inasikika kama dh ya dhahabu. Sisi tunasema vitabu vyekundu, wao wanasema libros rojos: sifa inakuja baada ya jina, na jina likiwa wingi, sifa pia inabadilika. Mtoto aliyezoea ngeli zetu zote hawezi kutishwa na jinsia mbili za Kihispania.

Na faida iko. Hiyo ni lugha ya kwanza ya watu karibu milioni 500. Inatumika Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, na hapa Afrika ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta. Michael Olunga alipoifungia Girona mabao matatu dhidi ya Las Palmas Januari 2018, stori yake ilisomwa kwa Kihispania kabla sisi tuitafsiri.

Lakini nafasi yenyewe iko wapi? Mtaala wa CBC unaruhusu lugha za kigeni kuanzia Gredi ya 4, kama Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina, kwa hiari. Hiari bila mwalimu ni maneno ya karatasi tu. Kihispania ndio kabisa: kinaingia kwa mlango wa shule za kibinafsi, kwa karo ya ziada. Na hata huko, wazazi, ulizeni swali moja: mwaka wa tatu mtoto wangu ataweza kufanya nini na hii lugha? Kama jibu ni wimbo wa rangi siku ya wazazi, mwaka baada ya mwaka, hiyo si lugha. Hilo ni pambo, na wewe ndiye unalilipia.

Kitu kinaniuma zaidi ni hiki. Kuna nyumba Kihispania kinalipiwa na Dholuo inakatazwa, eti itamharibia mtoto Kizungu. Mtaala huohuo unataka Gredi ya 1 hadi 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo. Tena tuko na mfano hapa ziwani: Rusinga na Mfangano, Abasuba wengi leo wanaongea Dholuo, Olusuba imebaki kwa wachache. Lugha haifi kwa sababu mtoto amejifunza nyingine. Kichwa cha mtoto kina nafasi. Inakufa wakubwa wakiacha kuiongea nyumbani.

Kwa hivyo sisemi Kihispania kitoke Milimani. Nasema kishuke. Shule ikianzisha, ianze na mwalimu atakayebaki, na masomo yanayopanda kila mwaka. Kaunti ikiwa na ukumbi unaokaa bure Jumamosi, ifungulie klabu ya lugha, watoto wa Manyatta na wa Milimani wakae benchi moja.

Na wewe unayesoma Kihispania kwa simu usiku, usingoje kaunti. Tafuta watoto watano mtaani, wazazi wao wakubali, uwape saa moja kwa wiki. Huna pesa za kulipwa? Waambie wakulipe kwa Dholuo. Najua wengi wetu tunaihitaji.