Profesa Grzimek na Migomba ya Rubondo

Kila Serengeti inapotajwa katika madarasa yetu ya Bukoba na Muleba, jina la Profesa Bernhard Grzimek hutajwa papo hapo. Jina hilo hatulipingi. Mtu aliyefariki Frankfurt mwaka 1987, majivu yake yakaletwa kuzikwa ukingoni mwa Ngorongoro kando ya mwanawe Michael, ambaye ndege yake iligongana na tumbusi mwaka 1959, hawezi kuitwa mpita njia. Tunachokipinga ni namna tunavyomkumbuka.

Tangu mwaka 1956 Profesa alionekana katika televisheni ya Ujerumani Magharibi, mnyama hai mezani pake, akiwaomba watazamaji fedha za kuokoa wanyama wa Afrika. Fedha zilipatikana, nazo zilifanya kazi. Lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, miaka 7 baada ya kifo chake. Wazee wetu wa Kamachumu, basi, hawakuwa watazamaji wake. Habari za nchi yetu aliwasimulia wengine. Sisi tumezipokea baadaye, kama barua aliyoandikiwa jirani. Na katika kitabu chake cha Serengeti aliandika wazi kwamba ndani ya hifadhi asiishi mtu, hata mwenyeji.

Tusiende mbali kutafuta maana ya neno hilo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, shirika la Frankfurt aliloliongoza lilileta sokwe 17, wengi wao wakitoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, likawaachia huru katika Kisiwa cha Rubondo, kusini mwa visiwa vya Muleba. Sokwe hao walizoea msitu, wakazaana, na kizazi chao kipo hadi leo. Ni kazi kubwa, na anayeibeza hajui ugumu wake. Hata hivyo kisiwa hakikuwa kitupu. Waliishi humo Wazinza, wavuvi na wakulima wa migomba, wakahamishwa kilipofanywa pori la akiba katika miaka hiyo hiyo ya sitini. Hatusemi kwamba Profesa ndiye aliyewahamisha. Twasema kwamba sokwe, ambao hawakuwa na asili Rubondo, wana historia iliyoandikwa, na wenye migomba hawana.

Tuliliuliza darasa moja la Muleba: nani alianza kuhifadhi wanyama kwetu? Mikono ikanyoshwa: Mzungu wa Serengeti! Hakuna aliyetaja muziro, mwiko wa ukoo, ingawa kila mmoja wao anao. Babito waliotawala Kiziba hawakula pongo, na kila ukoo wa Wahaya ulikuwa na mwiko wake. Ni kweli kwamba muziro haukuwa sheria ya hifadhi. Pongo aliyeachwa na Mubito aliliwa na jirani wa ukoo mwingine bila aibu yoyote. Lakini mtoto alijifunza mapema kwamba yuko mnyama anayemhusu kwa jina, bila kusubiri kuonyeshwa katika kioo.

Tangu mwaka 2019 Muleba imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na wanafunzi wetu watapelekwa huko kwa mabasi. Kabla ya safari hiyo, mwalimu na awaandikie ubaoni swali moja la Rubondo: migomba ile ilikuwa ya nani?