Kidole Changu na Kicheche wa Pongwe

BARAZANI
Na Hamza Semkiwa

Kidole gumba changu cha kulia kina alama nne, mbili juu na mbili chini. Barazani nilisema nimebanwa na mlango wa gari. Uongo haukai, hasa Pongwe, ambako dereva wa bodaboda anazijua habari zako kabla yako. Basi leo nasema kweli: niliumwa na kicheche, kosa lilikuwa langu, na aliyelilipia si mimi.

Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri. Barabara ya Muheza ilishaanza kupitisha malori ya saruji. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa chini ya mwarobaini, kainamia kitu, tochi ya simu mkononi.

"Shikamoo mzee. Njoo umwone paka gani huyu."

"Marahaba, mwanangu. Huyo si paka."

Alikuwa mweusi, mdogo kuliko paka, na mistari minne myeupe ilimshuka kutoka kisogoni hadi mkiani, utadhani fundi wa matanuri yetu ya chokaa amempitishia brashi mara nne. Kipajini ana madoa meupe. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Macho kayafumba, mwili kaulegeza. Nikasema huyu keshakufa, tusimwache malori yamsage. Nikamwinua kwa mkono mtupu.

Kicheche ni hodari wa kujifanya maiti. Hiyo ni silaha yake ya pili. Ya kwanza ni harufu, na ile nilikwisha kuipata tangu nikiwa hatua kumi. Ya tatu ni meno. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke; ya kicheche sasa naijua mimi.

Mnyama huyu ana bahati mbaya ya jina. Mjini limekuwa tusi la kumtukania mwanamke. Vijijini kila mwenye pua ya mchongoko anayepita karibu na banda la kuku huitwa kicheche, awe nguchiro, fungo au kanu. Kicheche mwenyewe hutembea usiku, peke yake, na mchana hulala shimoni. Riziki yake kubwa ni wadudu na mabuu anayoyafukua kwa kucha ndefu za mbele, kisha panya, na nyoka akimpata. Simwombei msamaha wa kifaranga kilichopotea kwa jirani. Nasema tu kwamba mwenye ghala la mahindi angepiga kwanza hesabu ya panya, ndipo aokote jiwe.

Nilimtia kwenye boksi la sabuni, nikafika naye nyumbani. Huko kila mtu alikuwa daktari. Mama watoto alileta maziwa ya moto. Jirani alileta robo ya Panado, kaisaga kwa kijiko. Mimi mwenyewe kidole nilikipaka mafuta ya taa, nikakifunga kitambaa, nikajiona nimemaliza.

Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kati ya yote tuliyotaka kufanya hakuna hata moja lililofaa. Mnyama aliyegongwa humwagii kitu mdomoni, kitaishia mapafuni. Panado, ambayo kwetu imekuwa kama pipi, humuua paka, na jamii ya kicheche nayo haiiwezi. Alichohitaji ni boksi lenye matundu, kitambaa chini, giza, joto kidogo na ukimya. Alihitaji tumwache. Hilo ndilo lililotushinda: kufikia saa nne asubuhi watoto wa mtaa mzima walikuwa wamepanga foleni mlangoni.

Nikaanza kupiga simu. Ofisi ya kwanza ikauliza ni mfugo gani. Nilipotaja jina, nikaambiwa huyo si mfugo, niwatafute wa wanyamapori. Ofisi ya pili ikaniuliza amefanya nini. Nilipotaja mguu, nikaambiwa huo ni utabibu, nirudi kwa watu wa mifugo. Siwalaumu kwa majina, maana kila mmoja alikuwa sahihi kwa karatasi zake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, iliyo chini ya dhamana ya Rais kwa niaba yetu. Kumweka mmoja nyumbani bila kibali ni kosa. Kwa hiyo tangu alfajiri nilikuwa nimekaa na mali ya Rais kwenye boksi la sabuni, karibu na jiko, na hakuna aliyekuwa tayari kuja kuichukua. Kicheche akiwa mzima ana mwenyewe. Akivunjika mguu, hana.

Bahati yetu Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa. Tuna chuo cha mifugo Buhuri, na ni nadra kukaa siku nyingi bila kumwona daktari wa mifugo akipita na pikipiki yake. Alasiri ile mmoja alikuja kwa jirani kumwona mtamba. Binti mdogo kwa umri, mkubwa kwa utulivu. Nikamwomba aingie.

"Hawa sijawatibu sana, baba," alisema. "Lakini mfupa ni mfupa."

Akavaa glovu nene. Akamfunika taulo kichwa na mabega, akaacha nusu ya nyuma tu. Akatoa koleo ndogo, akabana kidole cha ule mguu uliovunjika. Mguu ukajivuta.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Anasikia."

"Bado. Mguu unaweza kujivuta wenyewe hata uti wa mgongo ukiwa umekatika. Mimi siangalii mguu, baba. Naangalia kichwa."

Akabana tena, safari hii kwa nguvu. Chini ya taulo kichwa kikageuka kumtafuta anayemuumiza, na ukatoka mlio kama tone la maji kwenye mafuta ya moto.

"Sasa anasikia," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Akanieleza. Mfupa umevunjika lakini ngozi haijachanika. Uti wa mgongo mzima. Mnyama ni mwepesi, hafiki hata kilo moja, hivyo mguu haubebi mzigo mkubwa. Kwa dawa ya usingizi, gango, na wiki kadhaa ndani ya kizimba kidogo asikoweza kukimbia, ana nafasi. Hata mguu ukipona vibaya, kucha za mbele ndizo zinazomlisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe lake alikuja nalo. Tukaanza kuhesabu wiki: nani atamlisha, nani ataomba kibali, atarudishwa wapi. Tulikuwa tumeshafika kwenye mashamba ya mkonge, mbali na barabara, alipoutazama mkono wangu.

"Kidole kimefanya nini, baba?"

Nikafungua mdomo niseme mlango wa gari. Nikashindwa.

"Kaniuma."

Akavua glovu moja, akakaa kwenye kigoda. Habari ya mguu iliishia hapo.

Msomaji anaweza kudhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa. Ni cha kila mnyama anyonyeshaye, nasi tukiwemo. Kirusi huingia kwa mate kwenye jeraha, hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayerudi. Mbwa au paka akikuuma na anaonekana mzima, wataalamu humtenga na kumwangalia siku 10. Zikipita yu hai na hana dalili, basi siku ile alipokuuma mate yake hayakuwa na kirusi. Kule Marekani hesabu hiyo inamhusu mnyama mmoja zaidi, fereti, ndugu wa mbali wa kicheche, ambaye watu wa Ulaya wamemfuga zaidi ya miaka 2,000 kwa kuwatoa sungura mashimoni. Fereti amepimwa, siku zake zinajulikana, ana hata chanjo iliyoidhinishwa kwa ajili yake. Kicheche hana siku zinazojulikana. Ukimweka kizimbani siku 10, au 20, hujajua kitu. Tena mnyama wa usiku aliyekutwa barabarani huenda aligongwa kwa kuwa alikuwa mgonjwa tayari. Jibu la uhakika liko mahali pamoja tu, ndani ya ubongo wake, na ubongo haupimwi mwenyewe akiwa hai.

Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Ya pili sikuitazama.

Mimi nilipelekwa bombani. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, kidole kikiwa wazi na mafuta ya taa yakitoka. Nilipaswa kufanya hivyo alfajiri. Hilo peke yake hupunguza hatari sana. Kisha hospitali, chanjo siku hiyo, chanjo tena siku ya tatu, nyingine ya saba, kwa fedha niliyokuwa nimeiweka ya kununulia bati.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye. Kirusi hakuna. Mama watoto alisujudu, na daktari akasema sindano zilizobaki niziache. Mimi nilikaa na simu mkononi, nikifikiria kile kichwa kilichogeuka chini ya taulo. Mguu ulikuwa unatibika. Ubongo ulikuwa safi. Lori lilimvunja, lakini aliyemfikisha kwenye sindano ya pili ni mimi, kwa kumshika bila kitu mkononi. Nisingeumwa, mjadala ungekuwa wa gango na kizimba. Nilipoumwa, ulikuwa wa uhai wangu dhidi ya wake, na mjadala wa namna hiyo mnyama hashindi, wala sisemi ashinde.

Madrasa tulifundishwa habari ya mtu aliyemkuta mbwa anakufa kwa kiu, akateremka kisimani akamchotea maji, akasamehewa dhambi zake. Miaka yote nilikuwa nashika sehemu ya huruma peke yake. Siku hizi nashika na sehemu ya pili: alichota kwa kiatu. Alitafuta chombo.

Najua kuna msomaji anayesema, zahanati hazina dawa za watoto, wewe unatuletea kicheche. Swali la haki, nalijibu kwa hesabu. Makadirio yanayotajwa siku zote kwa Tanzania ni kwamba kichaa cha mbwa huua watu kama 1,500 kila mwaka, na wengi wao ni watoto. Ng'ambo yetu tu, Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliuondoa ugonjwa kisiwani. Ukarudi kutoka nje mwaka 2016, mbwa wakachanjwa upya, ukaondoka tena. Siri yake ni kuwafikia mbwa 7 kati ya kila 10, mwaka hata mwaka. Kule aliyetibiwa ni mnyama, na aliyepona ni mtoto. Hakuna foleni mbili hapo, ya watu na ya wanyama, hata tugombanie nani atangulie.

Kwa hiyo sidai hospitali ya vicheche. Nadai vitu vitatu vya bei ndogo. Kwanza, namba moja ya simu, ya mtu mmoja, ibandikwe kila ofisi ya kata na kila kijiwe cha bodaboda, ya kupigia unapomkuta mnyama kaumia, awe na mwenyewe au hana. Pili, daktari wa mifugo anayemfikia mnyamapori kwanza awe na ruhusa ya kumhudumia na kuamua siku hiyo hiyo, atibiwe au apumzishwe, kisha ndiyo awaarifu wenye dhamana ya wanyamapori. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa ili mnyama ateseke hadi barua ijibiwe. Tatu, mabinti na vijana hawa wanaopita na pikipiki wakishika midomo ya mbwa, paka na ng'ombe wa watu wachanjwe kichaa cha mbwa kabla ya kuumwa. Nilimuuliza yule binti kama yeye amechanjwa. Alicheka kidogo, akakunja glovu zake.

Na kwetu sisi tusio na cheo, kuna la nne. Pongwe ni mji wa mawe ya chokaa; glovu za ngozi za wapasua mawe zinauzwa dukani kama vitunguu. Nimenunua jozi moja, nimeitundika kwenye msumari wa baraza, pamoja na taulo kuukuu na boksi nililolitoboa matundu. Wale vijana wa kijiweni wanajua zilipo. Wanaopita huniuliza, mzee umeanza kupasua mawe uzeeni?

Nawaambia hapana. Ni za mgeni.