Valvu hazijafa jamani, angalieni juu ya bati

Nimerudi chuo juzi toka nyumbani Elerai na nina dukuduku.

Mwaka jana mhadhiri wetu mmoja aliruka sura nzima ya valvu kwa sentensi moja tu: hizo ni za redio za babu zenu, haziji kwenye mtihani. Darasa likashangilia, na mimi nikiwemo.

Sasa likizo nikapanda juu ya bati kurekebisha dishi. Linaangalia juu mno, utadhani limewekwa kukinga mvua ya Meru. Si ajabu, satelaiti ipo nyuzi 36 mashariki na Arusha ipo 36 na ushee, kwa hiyo iko karibu utosini, kilomita kama 36,000. Mama akauliza toka chini: "Mwanangu, picha inafikaje toka huko?" Nasomea mawasiliano, mwaka wa tatu. Nikababaika.

Usiku nikasoma. Kumbe kwenye satelaiti nyingi za televisheni kinachokuza mawimbi ni valvu! Rudolf Kompfner aliibuni Uingereza mwaka 1943, na Telstar ya 1962 ilipaa nayo. Ndani ya mrija usio na hewa zinafyatuliwa elektroni. Wimbi linapitishwa kwenye waya uliozungushwa kama springi, hivyo mwendo wake wa kwenda mbele unapungua hadi unakaribiana na wa elektroni. Hapo linazifunga breki baadhi na kuzisukuma nyingine, zinajikusanya mafungu mafungu kama vifodi pale Kilombero, na mafungu hayo yanaliachia wimbi nishati yao. Linaingia hoi, linatoka na nguvu mara maelfu.

Shida ni kwamba elektroni zinasukumana zenyewe na kutaka kutawanyika, ndiyo maana huwekwa sumaku kuzibana. Kuna watafiti wakajaribu kutia plazma humo ndani: ayoni chanya zinapoza ule ugomvi, na sumaku nzito inaweza kupunguzwa, hata kuachwa. Mimi hapo ndo nilipokosa usingizi.

Sawa, transista zimetawala kwenye simu. Lakini ukitaka nguvu kubwa kwenye mitikisiko bilioni 12 kwa sekunde, na umeme wenyewe ni wa jua, valvu bado ina mahali pake. Tunafundishwa mtihani, hatufundishwi kilicho juu ya paa letu.

Jumatatu naenda ofisini kwake kuomba saa moja tu ya ile sura. Nani ananisindikiza?