Lenzi ya bei kubwa haiandamishi mwezi



Ijumaa hii tumeona tulijibu swali ambalo limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa wazazi na walimu wa madrasa. Mtu ambaye tayari anayo darubini ya kutazamia nyota, je, inafaa atoe fedha nyingi kununulia lenzi ya jichoni ya daraja la juu? Swali hili lingeweza kuachiwa wapenzi wa nyota wenyewe, lakini kamati ya msikiti mmoja tunaoufahamu ilikuwa mbioni kuwachangisha waumini kwa ajili ya lenzi moja tu ya namna hiyo, na waumini waliambiwa kwamba ikipatikana, mzozo wa kuandama kwa mwezi utakwisha. Hapo ndipo tulipoona hatuna budi kushika kalamu.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kioo kikuu cha darubini kazi yake ni kukusanya nuru. Lenzi ya jichoni ni kile kipande kidogo mfano wa kikopo, kinachochomekwa mahali pa kuwekea jicho, nacho huchomolewa na kubadilishwa. Hicho ndicho kinachokuza taswira. Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1200 ikitiwa lenzi ya milimita 25 hukuza mara 48. Ikitiwa ya milimita 5 hukuza mara 240. Ni hesabu ya kugawanya tu, na bei haiibadilishi. Mwenye lenzi rahisi na mwenye lenzi ghali, zikiwa na milimita sawa, wanaona kitu kile kile kwa ukubwa ule ule.

Tofauti iko katika upana wa uwanja unaoonekana na usafi wa taswira pembezoni. Lenzi za aina ya Plössl, zilizobuniwa mwaka 1860 na fundi wa Vienna aitwaye Georg Simon Plössl, humpa mtazamaji uwanja wa takriban nyuzi 50, na hadi leo hupatikana kwa makumi machache ya dola za Marekani. Kampuni ya Tele Vue ya huko Marekani ilitoa lenzi za Nagler zenye nyuzi 82, kisha mwaka 2007 ikatoa Ethos zenye nyuzi 100. Bei za hizi huhesabiwa kwa mamia ya dola. Kwa fedha ya moja iliyo ghali zaidi, mtu anaweza kununua darubini nzima ya kuanzia yenye kioo cha inchi 6.

Tulipata nafasi ya kuzilinganisha mwandamo wa Rajab mmoja, tulipofuatana na ndugu wawili na watoto wao hadi Ololosokwan, wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Safari ni ndefu na vumbi lake halisemeki. Lakini asiyewahi kulala huko hajui usiku ni nini. Hakuna mji wa karibu unaochafua giza kwa taa zake, na kwa kuwa kijiji kiko takriban nyuzi 2 tu kusini ya Ikweta, anga la kaskazini na la kusini yote mawili yamo mikononi mwa mtazamaji. Suheli, nyota waliyoijua sana manahodha wa majahazi, huonekana huko vizuri kama inavyoonekana Lamu au Unguja.

Jioni ya kwanza tulitega darubini kuutafuta mwezi mwandamo. Kijana mwenye lenzi ghali ya milimita 5 aliing'ang'ania lenzi yake. Ilikuwa na uwanja wa nyuzi 82, lakini ukigawa 82 kwa 240 unapata theluthi moja ya nyuzi, na mwezi wenyewe una upana wa nusu nyuzi. Alikuwa akilitafuta jahazi baharini kupitia tundu la sindano. Hewa ya karibu na upeo wa macho nayo ilikuwa ikitetemeka, na kila kilichokuzwa kilitetemeka pamoja nayo. Tungali katika hali hiyo, mzee mmoja wa Kimaasai aliyesimama nyuma yetu akainua fimbo yake na kusema, "Si ule pale, juu ya ule mti." Ulikuwepo. Tulipobadilisha na kutia lenzi rahisi ya milimita 25, yenye kuonyesha eneo la nyuzi moja nzima la anga, watoto wote wakauona vizuri ndani ya dakika chache.

Tusiwe madhalimu hata hivyo, kwani usiku ulipoingia lenzi ile ghali ilijitetea. Sayari ya Mushtari ilipopanda juu, tukataka kuikuza. Anga huzunguka nyuzi 1 kila dakika 4, na darubini yetu haikuwa na mota ya kuifuata nyota. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 5, Mushtari hupita na kutoweka baada ya sekunde 50 hivi. Kwa lenzi ya nyuzi 82 hudumu zaidi ya sekunde 80. Jambo hili ni dogo kwa mtu aliye peke yake, lakini palipo na foleni ya watoto kumi na wawili, kila mmoja akiingoja zamu yake, linahisika. Lipo na jingine. Plössl ya milimita chache humlazimisha mtu kulibandika jicho karibu ligusane na kioo, na mwenye miwani hawezi. Kwa asiyeona mbali au karibu tu si tatizo, atavua miwani na kurekebisha fokasi. Bali mwenye kasoro ya jicho inayopotosha umbo la kitu anaihitaji miwani yake, na huyo lenzi iliyotengenezwa kumpa nafasi ya jicho itamfaa kweli. Tena lenzi haichakai upesi. Darubini hubadilishwa, nayo lenzi ikatumika katika nyingine, alimradi itunzwe. Huku kwetu Pwani unyevu huotesha ukungu ndani ya vioo, na kioo cha thamani hakisalimiki kwa kuwa ni cha thamani.

Basi faida ipo. Lakini ni faida ya namna gani? Wanazuoni wetu, Imamu Ghazali na Imamu Shatibi wakiwa miongoni mwao, waliyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu: dharura, mahitaji, na mapambo yanayokamilisha. Lenzi ya mamia ya dola, kwa maoni yetu, imo katika daraja la tatu, na aliye ndani ya deni au anayedaiwa ada ya mtoto hana ruhusa ya kuanzia huko. Qur'ani katika Surat Al-Furqan, aya ya 67, imewasifu waja wa Rahmani kwa kutofanya israfu na kutofanya ubakhili, bali kushika njia ya katikati. Mwenye uwezo aliyekwisha toa haki za watu akainunua kwa mali yake, hatumwiti mbadhirifu. Kuzitazama mbingu kwa mazingatio ni jambo tulilohimizwa katika Surat Aal Imran, na hatuoni kwa nini Mwislamu aone haya kulitumia pato lake humo, ilhali wengine hulimaliza kwenye simu za fahari.

Mali ya msikiti ni jambo jingine, na hapa ndipo tunapotofautiana na ile kamati. Mtume (S.A.W.) alituelekeza kufunga kwa kuuona mwezi na kufungua kwa kuuona, na ukifichwa na mawingu tukamilishe siku thelathini. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliamua mwaka 1403 Hijria kwamba mwezi ukionekana kwa darubini hukubaliwa hata kama macho matupu hayakuuona. Darubini, basi, haina ubaya. Lakini mwanafalaki wa Kifaransa André Danjon alibainisha katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ulio karibu na jua kwa chini ya takriban nyuzi 7 hauonekani kwa mtazamaji. Upana wa uwanja wa lenzi hausaidii kitu hapo. Isitoshe, mzozo wetu haujawahi kuwa mzozo wa vioo. Sisi tunagombana kama mwezi ulioonekana nchi nyingine unatulazimu, na shahidi gani akubaliwe. Hayo ni masuala ya fiqhi, nayo husuluhishwa kwa elimu na adabu. Kuwaambia waumini watoe sadaka kwa ahadi ambayo chombo hakiwezi kuitimiza si haki.

Kwa madrasa inayotaka kuanza, tungeshauri darubini ya macho mawili ya kukuza mara 7 au 10 yenye vioo vya milimita 50. Hiyo huutafuta mwezi mwandamo upesi kuliko darubini kubwa, na mtoto huishika mwenyewe. Ikipatikana darubini kubwa, lenzi mbili za kawaida, ya milimita 25 na ya milimita 10, zinatosha miaka mingi. Na watoto waonywe vikali: chombo chochote kisielekezwe magharibi kabla jua halijazama kabisa, kwani jua likiingia kwenye lenzi, iwe ghali au rahisi, laweza kulipofua jicho mara moja.

Usiku ule wa Ololosokwan tulizima taa zote na kuwaonyesha watoto, bila kioo chochote, kile kiwingu hafifu ambacho Abdur-Rahman As-Sufi alikitaja katika kitabu chake cha nyota mwaka 964, miaka zaidi ya mia sita kabla ya darubini kubuniwa. Leo twajua kwamba ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Mzee wetu wa fimbo naye akatuonyesha Kilimia, ambacho wafugaji wa Kimaasai hukitazama kujua majira ya mvua.

Kamati ile imeuahirisha mchango wa lenzi. Tulipowauliza wiki iliyopita, tuliambiwa wamenunua darubini mbili za macho mawili, na kwamba sasa wanajadiliana zikae kwa nani, imamu au mwalimu wa madrasa.